Dumu la Njano na Amri ya Nane



Jumamosi iliyopita tulikuwa ufukweni Raskazone na watoto wa Utoto Mtakatifu. Baada ya mafundisho tukawaacha wacheze. Kama umekulia Tanga, mchezo wenyewe unaujua: linatafutwa kuti kavu, mmoja anakaa juu ya majani, wawili wanashika shina na kukimbia nalo mchangani mpaka aliyekaa abiringike. Wakavutana weee, hadi binti mmoja akabiringika vibaya na kuchubuka goti. Mimi nilikuwa kama hatua ishirini hivi. Kabla sijafika, kabla hata yeye hajaanza kulia vizuri, vidole vitatu vilikuwa vimeshanyooka kwa mtoto mmoja: "Ni yeye, Frateri! Ni yeye!"

Goti tuliliosha, likafungwa, yakaisha. Ila mimi usiku ule usingizi ulikuja kwa shida, kwa sababu kidole cha namna ile nakijua. Niliwahi kukinyoosha mwenyewe, na kukishusha kulinichukua miaka kumi na moja.

Leo naomba tujifunze kuhusu kuanguka, na kuhusu kile tunachokifanya dakika moja baada ya kuanguka. Nitaanza na habari yangu.

Pasaka ya mwaka 2009

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Likizo za Pasaka tulikuwa tunapelekwa kwa bibi, mzaa mama, juu ya Soni. Tunapanda basi Tanga mjini, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu pale Mombo barabara inaanza kupanda milima ya Usambara kwa kona hizo ambazo mdogo wangu wa kike hajawahi kuzimaliza bila kutapika. Ukishuka Soni unavaa sweta. Kwetu sisi watoto wa pwani ile ilikuwa Ulaya.

Watoto wa kule wana mchezo wao wa kuteleza. Wengine wanakalia ganda la mgomba, na wenye bahati wanakalia dumu. Unachukua lile dumu la njano la mafuta ya kula, la lita 20, unalipasua ubavuni, unakaa ndani kama kwenye mtumbwi, unashuka nalo kwenye majani. Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na mteremko wa majani ya ng'ombe. Chini yake kulikuwa na tuta la kuzuia maji, na mbele ya tuta, mti wa mapeasi.

Bibi alikuwa na sheria moja tu: mvua ikinyesha, hakuna kuteleza. Na Pasaka ile ilikuwa katikati ya masika.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa na miaka kumi na miwili. Mteremko ule aliujua kama kiganja chake. Siku hiyo alisema wazi, "Leo hapana. Pamelowa. Hamtaweza kusimama." Mimi nikamwambia anaogopa. Nikamchukua mdogo wangu, miaka sita, nikamkalisha mbele, mimi nikakaa nyuma yake. Binamu akaja mbio akashika ukingo wa dumu ili kutuzuia. Nikajisukuma kwa mguu. Dumu likamtoka mkononi.

Tulishuka kwa kasi ambayo mpaka leo naisikia tumboni. Kwenye tuta dumu likaruka. Mimi nilitua kwenye matope. Mdogo wangu alitua kwenye mizizi ya mpeasi, na mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Wa kwanza kumfikia alikuwa binamu. Alivunja kijiti, akakiambatisha na mkono, akamfunga kwa kitenge. Miaka kumi na miwili! Mimi nilikuwa nimesimama, nafuta matope kwenye kaptula. Bibi akatoka jikoni, akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Nikanyoosha kidole. "Yeye ndiye aliyetusukuma. Mkono wake ulikuwa kwenye dumu."

Angalia sentensi ya pili. Ilikuwa kweli tupu. Mkono wake ulikuwa kwenye dumu. Ndiyo maana uongo wa sentensi ya kwanza ulisimama.

Binamu alisema mara moja tu, "Sikusukuma." Mjomba alimchapa. Mdogo wangu alikuwa ametazama mbele, hakuona kitu. Alifungwa hogo wiki kadhaa, mkono ukapona, leo anaandikia huohuo. Lakini binamu alipewa jina. Walimwita Breki, kwa maana ya mtoto asiye na breki. Jina likapanda na kushuka milima. Harusini, misibani, wakati wa kuvuna mahindi: "Msiwaache watoto na Breki."

Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Kabla ya hapo baba yangu alikuwa ameahidi kwamba binamu akimaliza darasa la saba atakuja kukaa kwetu Tanga asome sekondari. Wakati ulipofika, nilimsikia baba akimwambia mama sebuleni kwamba yule hana breki, hawezi kumweka pamoja na watoto wake. Nilikuwa chumbani, mlango uko wazi. Nikageukia ukutani.

Sisemi kwamba maisha yake yote yaliamuliwa na sentensi yangu. Mtu ana njia nyingi na Mungu ana njia nyingi zaidi. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja ulifungwa, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Hatua ya kwanza: kukaa kwenye dumu

Nilipofika seminari kuu ya Kibosho kusoma falsafa, nilikutana na Aristotle. Katika Maadili ya Nikomako, kitabu cha tatu, anachambua matendo ya hiari na yasiyo ya hiari. Anatoa mfano wa jiwe: ukishalirusha huwezi kulirudisha, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa mikononi mwako. Niliposoma pale niliweka kalamu chini. Yule mzee wa Ugiriki alikuwa ananielezea mteremko wa bibi.

Ndani ya dumu sikuwa na hiari tena. Hakuna usukani, hakuna breki, majani yamelowa na msuguano haupo. Lakini kabla ya kukaa? Nilijua sheria, nilionywa, nikacheka. Hiari yangu yote ilikuwa pale juu.

Kijana mwenzangu, mara nyingi tunajitetea kwa habari za katikati ya mteremko. "Frateri, nilijikuta tu." Ulijikuta umefika saa nane ya usiku kwenye simu. Ulijikuta umelewa. Ulijikuta chumbani na mtu. Ni kweli, pale katikati breki zilikuwa zimekwisha. Swali la dhamiri ni la mapema zaidi: ulikaa lini kwenye dumu, na nani alikuwa ameshika ukingo akikuambia hapana?

Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, anasimulia katika kitabu cha pili cha Maungamo jinsi alivyoiba mapeasi akiwa na miaka kumi na sita. Hakuwa na njaa, na wenzake na yeye waliwatupia nguruwe mengi ya matunda yale. Anakiri kwamba angekuwa peke yake asingefanya. Mimi nami nilikuwa na watazamaji, watoto kama sita wa kijijini. Bila wao ningerudi jikoni nikaote moto.

Hatua ya pili: kuanguka

Hapa nataka nikutue mzigo, maana wapo vijana wanaobeba mizigo isiyo yao.

Kuvunjika kwa mkono wa mdogo wangu hakukuwa dhambi. Ilikuwa ajali iliyozaliwa na utundu na kutotii. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inataja mambo matatu yanayotakiwa kwa pamoja ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua vizuri, na akubali kwa hiari kamili. Namba 1735 inaongeza kwamba kutojua, hofu, mazoea na hali nyingine zinaweza kupunguza hatia ya mtu, au hata kuiondoa. Mtoto wa miaka kumi aliyetaka kuonekana shujaa hakukusudia kumvunja dada yake.

Kwa hiyo usichanganye ukubwa wa madhara na ukubwa wa dhambi. Unaweza kusababisha madhara makubwa kwa hatia ndogo: sahani imedondoka, pikipiki imeteleza. Na unaweza kutenda dhambi kubwa bila hata tone la damu. Unanyoosha kidole tu.

Hatua ya tatu: dakika moja baadaye

Kule Kibosho asubuhi zikiwa safi unaiona theluji ya Kibo juu ya migomba. Mmoja wa walimu wetu, padre aliyekulia kusini mwa Ujerumani, alikuwa anapenda kutusimulia utoto wake. Kwao watoto hutelemka milimani kwa vigari vya mbao visivyo na magurudumu, juu ya theluji. Naye walianguka, wakapasuka midomo, wakavunja meno. Akasema, "Na unajua tulifanya nini kwanza, kabla ya kujipangusa theluji? Tulikubaliana tutamwambia mama nini." Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka nikaishia njiani.

Ni tabia ya zamani kuliko theluji. Fungua Mwanzo sura ya tatu. Mungu anamuuliza Adamu, Adamu anamwonyesha mwanamke. Anamuuliza mwanamke, naye anamwonyesha nyoka. Tunda lilikuwa dhambi ya kwanza, na mara tu baada yake kikaja kidole. Adamu naye alitumia ukweli nusu, maana mwanamke kweli alikuwa amempa. Mkono wake ulikuwa kwenye dumu.

Kanisa lina jina la kitendo hiki. Ni kusingizia, na Katekisimu inakitaja namba 2477 chini ya amri ya nane: kusema lisilo kweli na kuharibu sifa ya mwingine.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwaka uliofuata nilijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Katika ungamo langu la kwanza nilimwambia Padre: nilimvunjia bibi amri, nikateleza wakati wa mvua, mdogo wangu akaumia. Nikalia kabisa. Padre akanifariji. Nikatoka nje mwepesi, huku moyoni najua nimefanya ujanja. Niliungama kuanguka, nikaficha uongo. Nilipeleka kwa daktari goti lililochubuka nikafunika jipu.

Na hili, wapendwa, ndilo nililotaka kuwaambia leo. Wengi wetu tunaungama hivyohivyo. Dhambi za kuteleza tunazitaja haraka, kwa sababu zinatuonyesha kama wadhaifu, na mdhaifu anahurumiwa. Zile za dakika moja baadaye tunaziacha: nani nilimwangushia, nani alifukuzwa kazi kwa ajili yangu, msichana gani alichekwa mtaani na mimi nikanyamaza kwa sababu jina langu lilikuwa safi. Hizo zinatuonyesha kama waoga, na hakuna anayependa kuonekana mwoga, hata na Mungu.

Theluji na jina la mtu

Uongo wenyewe niliungama nikiwa kidato cha nne, kwenye mafungo. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu anakusamehe. Binamu yako je?" Akanipa malipizi, na akaniambia nitafute namna ya kumrudishia jina lake.

Nabii Isaya, sura ya kwanza aya ya 18, anatumia mfano wa theluji kueleza msamaha. Nilipokuwa naitazama Kibo niligundua kitu. Theluji ya mlimani inafunika mawe, na ikiyeyuka mawe yapo palepale. Isaya hasemi habari ya kufunika. Dhambi yenyewe ndiyo inayogeuka nyeupe. Msamaha wa Mungu si shuka jeupe juu ya uchafu, ni usafi wa kweli. Hilo liamini bila wasiwasi.

Lakini msamaha ulionisafisha mimi haukufuta jina Breki kule Soni. Katekisimu namba 1459 inasema ondoleo linaondoa dhambi, ila haliponyi vurugu zote ambazo dhambi imeleta, na mkosaji anapaswa kufanya linalowezekana kurekebisha, pamoja na kurudisha sifa ya aliyesingiziwa. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kufurahi kwamba Bwana amekuja kwake. Alianza kuhesabu nani anamdai.

Mimi niliahirisha. Niliona nisubiri mtihani uishe. Nikaona nisubiri niingie seminari. Nikishaingia, nikaona nisiwaaibishe wazazi. Bibi alifariki Novemba 2020, nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Jioni baada ya mazishi watu walikaa wakikumbuka vituko vyake, na shangazi mmoja akasimulia siku Breki alipowasukuma wageni kutoka mjini. Watu wakacheka. Binamu alikuwa anagawa chai. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe, natoka kutumikia Misa, wazee wananisifu. Nikapokea kikombe mkononi mwake nikasema, "Asante, kaka."

Bibi amekwenda akiamini kwamba mjukuu wake aliyebaki naye, aliyemchotea maji na kumkatia kuni miaka yote, ndiye aliyemvunja mtoto. Hilo siwezi kulirekebisha tena upande huu. Namwombea, na naamini sasa anaujua ukweli. Lakini ninyi msisubiri kama mimi.

Krismasi ile nilishuka Mombo. Binamu ni dereva wa bodaboda, na kwenye bamba la nyuma la pikipiki yake ameandika BREKI. Akanipandisha. Katikati ya kona nikamwomba asimame. Nikamwambia yote, nimesimama kando ya barabara na begi mgongoni, hata sikumtazama.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilijua siku ileile kwamba uliogopa. Sikujua kama utaogopa miaka kumi na moja."

Akawasha pikipiki. Tulipofika akaongeza, "Mimi umeniambia. Baba yako je?"

Nilimwambia baba, mbele ya mama, mjomba na mdogo wangu. Mdogo wangu aliuliza, "Kwa hiyo nimemnunia mtu bure miaka yote hii?" Akatoka nje. Baba hakusema neno usiku ule. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa na binamu kwenye mbao nje ya nyumba, wawili peke yao. Walichoongea sikukijua na sikukiuliza.

Kuna Mkenya mmoja, Philip Boit. Mwaka 1998 alishiriki mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 10 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alibaki pale mwisho wa mbio akamngoja, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina Dæhlie. Huwa namkumbuka nikifikiria binamu yangu, aliyejua ukweli muda wote na hakunifuata kunidai. Mimi nilifika wa mwisho, nimechelewa sana, na nilikuta mtu amesimama.

Bado wanamwita Breki. Nilimwambia nitaongea na ndugu waache. Akacheka: "Liache bwana, hilo ni jina la biashara sasa. Abiria wanapenda."

Ya kutafakari wiki hii

1. Katika ungamo lako la mwisho, ulitaja kuanguka tu au ulitaja pia ulichofanya dakika moja baadaye?

2. Yupo mtu anayebeba jina, adhabu au aibu ambayo ni yako? Ni nani anayemjua kwa sura hiyo na anahitaji kusikia ukweli?

3. Nani ameshika ukingo wa dumu lako sasa hivi akikuambia "leo hapana", na wewe unamwita mwoga?

4. Kama ni wewe uliyesingiziwa: unaweza kumngoja aliyekusingizia bila kumlaani?

Tusali

Ee Bwana, unatujua tulipoanguka na unajua tulipoficha. Tupe ujasiri wa kushusha kidole tulichomnyooshea ndugu, na miguu ya kumfuata alipo kabla hatujachelewa. Wale waliobeba makosa yetu kimya, wabariki, uwarudishie walichopoteza. Na marehemu waliokufa hawajasikia ukweli kutoka kwetu, wapumzike kwa amani katika mwanga wako. Amina.

Mwalike kijana mwenzako wa VIWAWA au TYCS msome somo hili pamoja. Jumamosi hii Padre atakuwa kitubioni mapema, kabla ya Misa ya jioni. Na mimi nitakuwa kwenye foleni.

Frateri wenu.